Ng'ombe Arobaini na Mmoja wa Kimali

Mwezi uliopita wameniaga. Wamenipa vitenge viwili na saa ya ukutani, mkuu wa idara akasoma hotuba aliyoandikiwa na mtu asiyenijua, akaniita "mama wa takwimu wa Simiyu", watu wakapiga makofi wakageukia wali. Kabla sijamaliza soda yangu, binti anayesimamia vijana wapya wa mafunzo akaniinamia sikioni: "Mama Kabula, tuandikie kurasa chache za kuwatia moyo wanaoanza."

Nimekubali kuandika. Moyo mtajitia wenyewe.

Vyeo na mishahara sitavigusa, maana hivyo mtavijua hata msipoambiwa. Nitaeleza nilivyoingia kwenye kazi hii na jambo nililolifanya katika mwaka wa kwanza, nikiwa mwanafunzi kama ninyi. Nitaeleza kwa hasira kwa sababu ninayo. Nimekaa nayo miaka kumi na mitatu huku nikitabasamu kwenye picha za semina, na sasa nimestaafu, hakuna tena wa kuninyima ruhusa ya kukunja uso.

Nilikuwa mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi hapa Bariadi. Digrii niliisoma nikiwa kazini, likizo kwa likizo, nikaimaliza nikiwa na miaka arobaini na sita na miwani miwili. Mkoa ulikuwa mchanga, ofisi bado zinanuka rangi, na kila mkubwa alikuwa akidai takwimu utadhani kuna duka la kwenda kuzinunua. Mradi mmoja, ambao jina lake halitatoka kwenye kalamu hii, ukatangaza mafunzo ya takwimu kwa wahitimu wa vyuo vikuu: miezi mitatu darasani, miezi mitano vijijini, na atakayefaulu angebadilishiwa kada na kuingia kwenye ofisi ya takwimu. Niliomba, nikapata.

Siku ya kwanza vijana kumi na mmoja walisimama nilipoingia, wakanisalimia shikamoo kwa pamoja. Walidhani mimi ndiye mkufunzi. Nilipokwenda kukaa dawati la nyuma walicheka mpaka nami nikacheka. Kicheko kiliniisha kompyuta zilipowashwa, kwa kuwa sikujua hata kushika kipanya. Binti niliyekaa naye alinishika mkono akauongoza juu ya meza, kama nilivyokuwa nikiwashika watoto wa darasa la kwanza wanapojifunza kuandika herufi a. Nilitoka pale jasho likinitiririka na nikaapa kwamba sitafeli mbele ya watoto hawa. Kiapo hicho ndicho kilichoniponza, ingawa siku ile nilikiona cha kishujaa.

Mratibu wetu alikuwa Denis, kijana wa miaka thelathini hivi aliyetoka Dar es Salaam. Nisimnyime haki yake, alijua kufundisha. Kila mnachokijua leo kuhusu kupanga safu, kukagua marudio na kutotia sifuri mahali ambapo jibu halipo, mimi nilikipata kwake, na nikakipata vizuri. Tulimpokea kwa "mgeni njoo, mwenyeji apone", na kwa miezi mitatu kweli tulipona ujinga mwingi. Ila alikuwa na usemi mmoja aliopenda kuurudia akigonga meza kwa kidole: "Data haina hadithi." Akimaanisha, mtu akianza kukueleza habari ndefu, mkatishe, chukua namba, nenda kaya inayofuata.

Kazi yetu ya vijijini ilikuwa kupima hali ya kaya. Tulipewa vishikwambi, ambavyo siku hizo tuliviita tableti, na ndani yake mlikuwa na maswali kuhusu paa, choo, mashamba na mifugo. Mwishoni kila kaya ilipata alama. Alama nyingi kuliko zote zilitoka kwenye ng'ombe, kwa kuwa walioandaa fomu waliambiwa kwamba utajiri wa Msukuma ni ng'ombe. Hapo hawakukosea. Walikosea kudhani kwamba ng'ombe wa Msukuma analala kwa Msukuma huyo.

Mliozaliwa mjini nisikilizeni. Mtu wa kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Anawagawa kwa marafiki na ndugu wa mbali, hasa walioko kwenye malisho, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja asipoteze wote. Anayewatunza hanywi maziwa ya wizi, ni haki yake. Samadi ni yake, na maksai anawalimia. Lakini ng'ombe si wake. Hauzi, hachinji bila ruhusa, na mmoja akifa anampelekea mwenyewe ngozi ili aone kwa macho. Mimi nilikulia Nyashimo nikinywa maziwa ya ng'ombe wa rafiki wa baba, na nikiwa na miaka saba nilishajua kwamba zizi letu lilijaa wakati sisi tulikuwa maskini. Hakuna chuo kilichonifundisha hilo.

Tulipokuwa tunajiandaa kwenda Meatu, Denis alisema watu wa huku wanaficha idadi ya mifugo. Ni kweli. Ukimuuliza mzee ana ng'ombe wangapi atakwambia "wapo wapo", na ukikazana atakuuliza habari za nyumbani kwako. Kwa hiyo akatoa amri: tusiulize. Tufike alfajiri, tusimame mlangoni pa zizi, tuhesabu wanapotoka.

Niliinua mkono. Nikasema, "Bwana Denis, walio zizini wanaweza kuwa wa mtu mwingine."

"Wangapi kati yao, Madam?"

"Sijui. Inategemea. Ni utaratibu wa—"

"Madam Kabula." Akatabasamu, akagonga meza. "Data haina..."

"Hadithi!" wenzangu wakamalizia kwa sauti moja, nami nikashusha mkono.

Huo mkono ningeuacha juu. Ningesimama. Nilikuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka ishirini, nimewahi kunyamazisha darasa la watoto tisini, nikashindwa na kijana mmoja mwenye kidole. Nilijiambia kwamba mimi ni mwanafunzi, kwamba kuna wakubwa waliofikiria haya, kwamba nikionekana mbishi sitapewa kazi. Funika kombe, mwanaharamu apite. Kila anayeniambia leo kwamba sikuwa na la kufanya huwa ananikasirisha kuliko hata Denis mwenyewe.

Kimali, huko Meatu, tulifika kukiwa bado na umande. Kaya niliyopangiwa ilikuwa ya mzee Maduhu na mkewe Holo, nyumba mbili za tope, moja paa la nyasi lililokwisha, na pembeni zizi la minyaa lililofurika. Mzee alitoka amejifunga shuka.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka, baba."

Tuliulizana habari za nyumba, za watoto, za mvua. Nikamweleza kwamba tumetumwa kuhesabu mifugo. Alinitazama, akatazama kile kidude mkononi mwangu, kisha akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Nyashimo.

"Aa, kumbe wewe ni wa hapa hapa," akasema, uso ukalegea. "Basi hesabu, mayu. Wewe unajua mambo ya ng'ombe."

Akaondoa magogo ya mlango mwenyewe. Nikahesabu arobaini na mmoja. Nikaandika arobaini na mmoja.

Jioni, tulipokuwa tukituma kazi, namba yangu iligeuka nyekundu. Programu ilikuwa imetengenezwa kushtuka: kaya yenye paa la nyasi, bila baiskeli, bila redio, yenye ng'ombe arobaini na mmoja, haikukaa sawa. Chini yake kukatokea maandishi, "Una uhakika?", na vitufe viwili. Kimoja kilikurudisha kwenye kaya ukaulize tena. Cha pili kilisema "Thibitisha".

Mashine iliniuliza. Mnanielewa? Binadamu wote walikataa kuniuliza, ila mashine iliniuliza, kwa Kiswahili safi. Nikawaza mguu wa kurudi kwa Maduhu, gari la kuondoka, Denis ambaye kila jioni alisoma kwa sauti majina ya waliokuwa na kaya nyekundu. Nikabonyeza "Thibitisha". Ikawa kijani.

Mafunzo nilifaulu. Nilikuwa wa pili, na cheti nilikitundika sebuleni.

Msimu uliofuata mvua ilikata mapema. Meatu mtama ulikauka ukiwa umefika magotini tu, na habari za njaa zikaanza kuja ofisini. Ikatafutwa orodha ya kaya za kupewa mahindi ya msaada, na orodha nzuri, mpya, safi, ilikuwepo: yetu. Waliigawa kwa alama. Mwenye ng'ombe wengi akawekwa chini kabisa.

Aliyenipigia simu alikuwa mzee Gamaya, bwana mifugo wa upande ule. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na hakuwa mtu wa salamu ndefu.

"Ninyi wa kompyuta, mmemwandika Maduhu tajiri?"

Nikamwambia fomu ilionyesha ng'ombe arobaini na mmoja.

"Wa Ndaki wale! Ndaki wa Kiloleli! Kila mtu anajua."

Niliomba gari, nikaambiwa nisubiri awamu ya pili ya kuhesabu. Nikasubiri. Hilo nalo liandikeni.

Awamu ya pili ilipofika nilikwenda na Gamaya. Zizi lilikuwa wazi, na nyasi changa zilishaanza kuota mahali palipokanyagwa na kwato miaka yote. Mzee hakuwepo, alikuwa amekwenda kulima kibarua kwa watu. Mkewe, mama Holo, alitupa kigoda na kutueleza akiwa amesimama. Mahindi yalipokuja, jina lao halikusomwa. Wajukuu wanne walikuwa ndani. Maduhu alimtumia Ndaki ujumbe mara mbili kuomba ruhusa, jibu halikuja, na wiki ya tatu akampeleka mtamba mmoja mnadani akarudi na magunia. Ndaki aliposikia, alikuja na vijana na fimbo. Hakumpiga mtu. Aliswaga ng'ombe wake wote, na maksai, akaondoka nao.

"Urafiki wao ni wa tangu ujana," mama Holo alisema. "Alimwambia mzee wangu mbele za watu kwamba ni mwizi. Sasa nani atampa ng'ombe mwizi? Hatuna maziwa, hatuna cha kulimia. Hata ninyi sina cha kuwapa, mayu. Zamani mgeni hakutoka hapa bila maziwa."

Nilisema pole. Nilisema pole, nikafungua kishikwambi, nikaandika ng'ombe sifuri. Kwamba mkono ulioandika arobaini na mmoja ulikuwa wangu sikumwambia.

Njiani Gamaya aliendesha pikipiki mpaka tulipofika barabara kubwa. Akasimamisha, akageuka. "Unajua Ndaki naye mlimpa alama gani?" Sikujua. Kaya ya Kiloleli alikuwa ameihesabu mwenzangu. Ndaki, mwenye majaruba ya mpunga na mashine ya kukoboa, alikuwa na zizi tupu, kwa sababu ng'ombe wake walikuwa kwa watu. Tulimwandika fukara. Gari la mahindi lilimshushia mgao mlangoni.

"Ng'ombe wa maskini hazai," Gamaya alisema. "Ninyi mmevumbua maskini anayenyimwa chakula kwa ng'ombe wa jirani."

Kisha akanifundisha, pale pale barabarani, jambo ambalo lina thamani kuliko cheti changu. Usimuulize mtu ana ng'ombe wangapi, wala ni wa nani, atakuona mpelelezi. Muulize hivi: akifa ng'ombe hapa, ngozi unampelekea nani? Akikutajia jina, ng'ombe ni wa huyo aliyetajwa. Akicheka na kusema ngozi anailalia mwenyewe, ni wake. Nimelitumia swali hilo kila wilaya ya mkoa huu na halijanidanganya. Kama hamtabeba kitu kingine kutoka kwangu, bebeni hilo.

Nilirudi Bariadi nimevimba kwa hasira. Nikaingia ofisini kwa Denis bila kubisha hodi, nikamweleza yote, nikamwambia orodha ifutwe na swali la ngozi liingizwe kwenye fomu. Alinisikiliza, hata nikadhani ameumia. Halafu akanionyesha skrini. Kwenye ripoti ya awamu ya pili, ng'ombe wa Maduhu waliotoka arobaini na mmoja hadi sifuri walikuwa wamejumlishwa kwenye mifugo iliyokufa kwa ukame.

"Hawajafa," nikasema. "Wako Kiloleli, wanakula."

"Madam, tukibadili fomu sasa, awamu ya kwanza na ya pili hazitalingana. Tutapoteza mlinganisho."

"Kuna watoto wanne wamepoteza chakula!"

"Mimi naelewa, lakini hiyo ni kesi moja."

Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyasema, na sitayaandika kwa kuwa binti aliyeniomba kurasa hizi ni mlokole. Denis alipandishwa akahamishwa baada ya miezi michache. Nasikia hadi leo anatoa mada kuhusu sauti ya mwananchi katika data.

Orodha haikufutwa. Swali la ngozi niliendelea kuliuliza nje ya fomu na kuliandika kwenye daftari la kaunta, na kila mara alipokuja mkubwa mpya nilimpelekea daftari. Mmoja aliusifu mwandiko wangu. Wa nne, mwanamke mkali aliyekuwa amelelewa Magu, alisoma kurasa mbili, akanitazama, akaliingiza swali kwenye fomu siku hiyo hiyo bila kikao. Ilikuwa imepita miaka sita. Ninyi leo mnalikuta kwenye vishikwambi vyenu na mnalilalamikia kwamba linachelewesha kazi. Nimewasikia. Siku ile ya kuniaga nilimsikia mmoja wenu akimwambia mwenzake, "Lile swali la ngozi jaza tu 'mwenyewe', nani atajua?" Nilikuwa nyuma yake na sahani yangu ya wali. Ilibidi niiweke chini.

Kwa ajili ya kijana huyo nilipanda gari wiki iliyofuata nikaenda Kimali. Nilitaka niweze kuandika kwamba nimemaliza, nimekwenda kusema kosa langu kwa mwenyewe. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nimepita barabara ile mara nyingi nikitazama upande mwingine.

Maduhu amezeeka. Nilimkuta anapukuchua mahindi uani na mkewe. Hakunikumbuka mpaka nilipotaja Nyashimo. Nikakataa kigoda, nikapiga magoti chini kama inavyompasa mtu aliyekuja kuomba radhi, nikaeleza: kwamba ndiye mimi niliyehesabu, kwamba nilijua ng'ombe wanaweza kuwa wa watu, kwamba mashine iliniuliza kama nina uhakika nikasema ninao. Kwamba ndiyo sababu jina lake halikusomwa.

Alisikiliza mpaka mwisho, gunzi likiwa mkononi.

"Kwamba mlihesabu, mayu, hilo nalijua," akasema. "Mlango nilifungua mwenyewe. Lakini ng'ombe hazina jina mgongoni. Nilijua lazima kuna mtu wa hapa aliyewaambia kwamba ni zangu. Ni nani alikwambia?"

"Hakuna, baba. Hatukumuuliza mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Tuliandika tu tulivyoona."

Mama Holo aliacha kupukuchua. Mzee akamtazama, kisha akatazama ng'ambo ya korongo, kwenye nyumba yenye bati jipya na kaburi la saruji mbele yake.

"Sayi hakusema, basi," akasema.

Nikauliza Sayi ni nani. Mkewe ndiye aliyenijibu, kwa sauti ya chini. "Ni mdogo wake. Tumbo moja. Walikuwa wamegombana kuhusu shamba mwaka ule ule, mzee akajua ni yeye aliyewaambia. Hawakusalimiana tena."

"Alikuwa anatuma watoto," Maduhu alisema. "Kila mwaka anatuma watoto, waulize kosa lake ni nini. Nawafukuza." Akaliweka gunzi juu ya magunzi mengine. "Alipokufa walikuja kuniita. Sikwenda kumzika."